Kufuatilia ukoo wa wenye benki wa Marekani wa karne ya 19: mwongozo kwa mfano wa akina Drexel wa Philadelphia

Fedha haiendi bila maandishi. Mkulima wa Ohio wa mwaka 1850 anaweza kuwa ameacha mistari michache ya sensa na jiwe la kaburi tu, lakini mwenye benki wa wakati huohuo ameacha wosia, mikataba ya ubia, hesabu za kodi, hati za nyumba, matangazo ya harusi magazetini, na pengine kesi ya mirathi iliyochukua miaka. Ndiyo maana nawashauri wanaoanza kujifunza kazi ya nasaba za Marekani waanze na kaya ya namna hii, hata kama haiwahusu kwa damu. Utapita karibu kila aina ya kumbukumbu zilizopo, na ukishazizoea utaweza kumtafuta hata mpishi aliyekuwa jikoni mwao, ambaye kwa maoni yangu ndiye anayestahili kutafutwa zaidi.

Mfano nitakaoutumia ni akina Drexel wa Philadelphia. Nimewachagua kwa sababu kumbukumbu zao ni nyingi, sehemu kubwa inasomeka mtandaoni bila malipo, na ukoo wao una karibu kila mtego atakaokutana nao mtafiti.

Hatua ya 1: Weka mifupa ya ukoo kwanza

Usianze na kutafuta mtandaoni. Chukua karatasi, andika watu unaowajua kwa uhakika, kizazi kwa kizazi, na kila jina liwe na mahali na mwaka.

Kwa akina Drexel mifupa ni hii. Francis Martin Drexel alizaliwa Dornbirn, mkoa wa Vorarlberg nchini Austria, tarehe 7 Aprili 1792. Kazi yake ilikuwa kuchora picha za watu. Aliondoka kwao akikwepa kuandikishwa jeshini wakati wa vita vya Napoleon, akafika Philadelphia mwaka 1817 na kumwoa Catherine Hookey mwaka 1821. Mwaka 1826 alikwenda Amerika Kusini kuchora picha za wakubwa wa huko, Simón Bolívar akiwa mmoja wao. Mwaka 1837 akafungua ofisi ya kubadilisha noti Louisville, Kentucky, na mwaka uliofuata akaihamishia Philadelphia, katika Third Street. Alifariki Juni 1863, alipogongwa na treni.

Mchoraji akageukaje mwenye benki? Kibali cha Second Bank of the United States, benki ya taifa ya wakati huo, kilikwisha mwaka 1836, na tangu hapo nchi ikajaa noti za benki za majimbo, kila benki na noti zake. Noti iliyotoka mbali ilipokewa kwa bei ya chini ya thamani iliyoandikwa. Aliyejua ni benki ipi imara na ipi inayumba aliweza kununua noti hizo kwa bei ndogo na kupata faida. Jambo hili lina maana kwako unayetafuta nyaraka, kwa sababu katika miaka hiyo mtu kama Francis Martin anaweza kuandikwa mchoraji hapa, dalali pale, na mwenye benki baadaye, naye ni yuleyule.

Wanawe watatu waliingia katika kazi hiyo: Francis Anthony (1824–1885), Anthony Joseph (1826–1893) na Joseph Wilhelm (1833–1888). Anthony ndiye aliyeingia ubia na J. Pierpont Morgan mwaka 1871, wakaanzisha Drexel, Morgan & Co. huko New York. Baada ya Anthony kufa, nyumba hiyo ya fedha ilipewa jina la J.P. Morgan & Co. mwaka 1895.

Chini ya kila taarifa andika umeitoa wapi. Fanya hivyo tangu siku ya kwanza, kwani baada ya majina hamsini hutakumbuka.

Hatua ya 2: Sensa, na namna ya kuisoma bila kudanganyika

Marekani imekuwa ikihesabu watu kila miaka 10 tangu 1790. Hadi 1840 karatasi zilitaja jina la mkuu wa kaya tu, wengine wakawa tarakimu. Mwaka 1850 ndipo kila mtu huru alipoandikwa kwa jina. Mwaka 1860 na 1870 kulikuwa na safu mbili ambazo mtafiti wa matajiri hapaswi kuziruka, thamani ya ardhi na majengo, na thamani ya mali nyingine. Usizichukue kama hesabu kamili, maana mwenyewe ndiye aliyezitaja mbele ya karani. Lakini ukilinganisha 1860 na 1870 utaona kaya inapanda au inashuka.

Mwaka 1880 iliongezwa safu ya uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya, na jina la mtaa likaandikwa pembeni mwa ukurasa. Sensa ya 1890 karibu yote imepotea kwa sababu ya moto wa Januari 1921 huko Washington. Usipoteze muda kuitafuta. Ile ya 1900 inataja mwezi na mwaka wa kuzaliwa, miaka ya ndoa, na mama amezaa watoto wangapi na wangapi wako hai.

Jambo la pekee kwa Philadelphia ni kwamba mwaka 1870 mji ulihesabiwa mara mbili, baada ya malalamiko kwamba hesabu ya kwanza ilikuwa pungufu. Kwa hiyo kaya moja inaweza kuonekana mara mbili, umri ukiwa tofauti na majina yameandikwa kwa namna mbili. Watafiti wengine hudhani wamepata familia mbili. Tafuta zote mbili uzilinganishe.

Sasa tuangalie mtego mmoja kwa karibu. Francis Anthony alikuwa na mabinti watatu, Elizabeth, Katharine na Louise. Ukifungua sensa ya 1870 hakuna safu ya uhusiano, unaona baba, mke aitwaye Emma, na wasichana watatu. Ukifungua ya 1880 kila binti ameandikwa binti, na Emma ameandikwa mke. Mtu yeyote atachora mistari mitatu kutoka kwa Emma kwenda kwa mabinti hao, na atakuwa amekosea mistari miwili. Mama wa Elizabeth na Katharine ni Hannah Langstroth, aliyeolewa mwaka 1854. Katharine alizaliwa tarehe 26 Novemba 1858, na Hannah akafariki wiki tano baadaye. Francis Anthony alimwoa Emma Bouvier mwaka 1860, na Louise, mtoto wao, akazaliwa 1863. Emma aliwalea wote sawa kiasi kwamba Katharine mwenyewe hakujua mpaka alipokuwa msichana mkubwa kwamba hakuzaliwa naye.

Utaling'amuaje jambo kama hilo peke yako? Sensa inasema binti wa mkuu wa kaya, yaani wa baba, na haimtaji mama. Kwa hiyo kila unapoona mume na mke na watoto, tafuta tarehe ya ndoa. Kama mtoto amezaliwa kabla ya ndoa hiyo, simama hapo. Tafuta kaburi la mke wa kwanza, kisha tafuta ubatizo wa mtoto. Katika karne ambayo wanawake wengi walifia uzazi, mama wa kambo ni wengi mno, na miti mingi ya ukoo iliyobandikwa mtandaoni imewasahau wale waliotangulia.

Hatua ya 3: Tenganisha wenye majina yaleyale

Matajiri wa Philadelphia walirithishana majina kama walivyorithishana hisa. Kuna Anthony Joseph Drexel wa 1826, kuna mwanawe wa jina hilohilo wa 1864. Binti yake Emilie aliolewa na Edward Biddle, akamzaa Anthony Joseph Drexel Biddle, ambaye naye alikuwa na mwana wa jina hilohilo aliyekuja kuwa balozi. Binti mwingine aliolewa na James W. Paul, na hapo tunampata Anthony J. Drexel Paul. Gazeti likisema tu A. J. Drexel amesafiri kwenda Ulaya, ni yupi?

Dawa yake ni ratiba ya maisha. Kwa kila mwenye jina hilo tengeneza orodha ya miaka, anwani, kazi na mke, halafu kila habari mpya uipime na orodha hiyo. Baba aliishi West Philadelphia, penye kona ya mtaa wa 39 na Walnut, na alifariki Karlsbad, mji wa Bohemia huko Ulaya, tarehe 30 Juni 1893. Habari yoyote ya baada ya hapo si yake.

Desturi hiyohiyo ina faida yake. Jina la katikati mara nyingi ni jina la ukoo wa mama au bibi. Ukimkuta mtu anaitwa Drexel Biddle au Drexel Paul, umeshaonyeshwa njia ya kuwafikia mabinti wa Drexel waliopotea kwenye majina ya waume zao. Mimi huanza na majina ya katikati kabla ya kugusa rejista yoyote ya ndoa.

Wanawake wanahitaji uangalifu zaidi. Elizabeth Wharton Drexel, binti wa Joseph Wilhelm, alizaliwa 1868. Aliolewa na John Vinton Dahlgren, aliyefariki 1899, akaolewa na Harry Lehr mwaka 1901, na mwaka 1936 akaolewa na Lord Decies wa Uingereza. Ni mwanamke mmoja, na majina manne katika orodha za meli, magazeti na kaburi. Tena asichanganywe na Elizabeth tuliyemtaja juu, binamu yake, aliyefariki 1890 miezi michache baada ya kuolewa.

Hatua ya 4: Ubatizo, ndoa na vifo

Serikali za Marekani zilichelewa kuandikisha vizazi, na kila jimbo lina tarehe yake. Kwa Philadelphia, mji ulianza kuandikisha vizazi na ndoa Julai 1860, na jimbo zima la Pennsylvania likaanza vizazi na vifo mwaka 1906. Leseni za ndoa zilianza Oktoba 1885. Taarifa za maziko za mji zinarudi nyuma hadi 1803, nazo ni hazina.

Kabla ya tarehe hizo tegemea makanisa. Akina Drexel walikuwa Wakatoliki, na rejista za Kikatoliki zina sifa moja kubwa: huandika wazazi wote wawili, jina la mama la usichanani, na wasimamizi wa ubatizo. Hao wasimamizi mara nyingi ni shangazi, mjomba au mbia wa biashara, kwa hiyo waandike wote. Ila usidhani ukoo mzima una kanisa moja. Hannah Langstroth alitoka familia ya Kiprotestanti, na Anthony alihamia Kanisa la Episcopal, yaani Waanglikana wa Marekani. Ukikosa ubatizo wa mtoto upande mmoja, bisha hodi upande wa pili.

Anthony alizikwa makaburi ya The Woodlands huko Philadelphia, katika jengo la kaburi la ukoo. Majengo ya namna hiyo yana rejista ofisini, na rejista huwataja watoto wachanga ambao jina lao halimo kwenye jiwe.

Hatua ya 5: Wosia, mahali familia inaposema ukweli wake

Kama una siku moja tu ya kufanya kazi hii, itumie hapa. Wosia huwataja watoto kwa majina, wakwe, wajukuu, watumishi wa siku nyingi, na huonyesha nani alipendwa na nani hakuaminiwa.

Katika Philadelphia wosia huwekwa kwenye ofisi ya msajili wa wosia, iliyo ndani ya City Hall, na kila mmoja una namba na mwaka. Nyingi zimepigwa picha na zinapatikana kwenye tovuti za nasaba za FamilySearch au Ancestry. Usiishie kwenye wosia wenyewe. Omba faili lote: orodha ya mali ya marehemu, hesabu za wasimamizi wa mirathi, na maamuzi ya mahakama. Pennsylvania mahakama ya mirathi inaitwa Orphans' Court, na inashughulikia mirathi ya watu wazima vilevile, usiipite ukidhani ni ya yatima pekee.

Francis Anthony alifariki Februari 1885 na kuacha takriban dola milioni 15, mali kubwa mno kwa wakati huo. Sehemu ya kumi iligawiwa mashirika ya hisani. Iliyobaki ilifungwa chini ya wadhamini, mabinti watatu wakapewa mapato yake tu, bila mtaji, kwa masharti ambayo mume yeyote asingeweza kuugusa. Binti akifa bila mtoto, fungu lake liende kwa dada zake. Wote wakifa bila watoto, mtaji uende kwa mashirika ya hisani.

Ona wosia huo unavyokupa ramani ya ukoo ya miaka 70. Elizabeth alifariki 1890 bila mtoto aliyebaki hai. Louise, aliyeolewa na Edward Morrell, alifariki 1943, naye hakuacha mtoto. Katharine alikuwa mtawa. Mwaka 1891 alianzisha shirika la masista kwa ajili ya kuwasomesha Wamarekani weusi na wenyeji asilia wa Marekani, na mapato yake ya urithi yakaingia huko, Chuo Kikuu cha Xavier cha Louisiana kikiwa moja ya matunda yake. Aliishi hadi tarehe 3 Machi 1955, akiwa na miaka 96. Siku hiyo sharti la mwisho la wosia wa 1885 likatimia, na mtaji ukaenda kwa mashirika aliyoyataja baba yake. Shirika la Katharine halikuwemo, kwa sababu lilikuwa halijazaliwa wosia ulipoandikwa. Huzuni ya jambo hilo hunishika kila ninapolifikiria, lakini kwa mtafiti linafundisha kwamba faili la mtu aliyekufa 1885 linaweza kuwa na karatasi za 1955. Angalia hadi mwisho wa faili.

Hatua ya 6: Karatasi za fedha zenyewe

Hapa ndipo familia ya benki inapotofautiana na familia nyingine, na watafiti wengi wa nasaba hawafiki.

Kwanza, ripoti za wakopeshaji. Mwaka 1841 Lewis Tappan alianzisha shirika la kukusanya habari za uaminifu wa wafanyabiashara, lililokuja kuitwa R. G. Dun & Co. Mawakala wake, wengi wao mawakili wa mahali, waliandika kuhusu kila mwenye biashara: ana mali kiasi gani, analipa madeni, anakunywa, ameoa kwa nani, baba mkwe ana uwezo gani. Daftari zaidi ya 2,500 zimehifadhiwa Baker Library ya Harvard. Zimepangwa kwa jimbo na kaunti, kwa mkono na kwa vifupisho vingi, kwa hiyo uliza orodha ya vifupisho kabla ya kuanza kusoma.

Pili, kodi ya mapato. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipopamba moto, Congress, yaani bunge la Marekani, ilipitisha sheria ya kodi mwaka 1862, na orodha za walipa kodi zimebaki. Zinataja mapato, magari ya farasi, vyombo vya fedha, hata piano. Magazeti ya siku hizo yalichapisha mapato ya matajiri kwa majina.

Tatu, orodha za anwani za mji. McElroy na baadaye Gopsill walichapisha Philadelphia kitabu cha kila mwaka chenye jina, kazi, ofisi na nyumba ya mtu. Pitia mwaka hadi mwaka uone neno la kazi linapobadilika, na mjane anapoanza kuandikwa peke yake. Pengo la sensa ya 1890 huzibwa hivyo.

Nne, kufilisika. Si kila mwenye benki alikuwa na bahati ya Drexel. Jay Cooke, jirani yao wa Philadelphia aliyeuza dhamana za serikali wakati wa vita, alifunga milango tarehe 18 Septemba 1873 na kuitikisa nchi nzima. Faili za ufilisi za mahakama za shirikisho ziko National Archives, hifadhi ya nyaraka ya taifa, na mtu aliyefilisika huorodheshewa mali mpaka samani za chumbani. Kwa mtafiti, familia iliyoanguka huacha maelezo mengi kuliko iliyosimama.

Hatua ya 7: Magazeti na vitabu vya sifa

Chronicling America, mkusanyiko wa magazeti ya zamani wa Library of Congress, ni bure na unaweza kutafuta kwa neno. Tafuta tanzia, harusi, orodha za wasafiri na kesi. Ila jiulize gazeti ni la nani. Public Ledger la Philadelphia lilinunuliwa mwaka 1864 na George W. Childs pamoja na Anthony Drexel, kwa hiyo usitegemee lisimulie aibu ya nyumba hiyo. Soma na magazeti ya washindani wake.

Vitabu vya ukoo vilivyochapishwa na wanaukoo vichukue kama dokezo tu. Emma Bouvier alikuwa binti wa Michel Bouvier, fundi samani aliyetoka Pont-Saint-Esprit nchini Ufaransa, na kilembwe cha Michel huyo ni Jacqueline aliyeolewa na John F. Kennedy. Kizazi cha baadaye cha akina Bouvier kilichapisha nasaba iliyowaunganisha na makabaila wa Ufaransa, na waliokagua kumbukumbu walikuta si kweli. Fundi seremala aliyejijenga kwa mikono yake hakuhitaji kusingiziwa ukabaila.

Kwa Katharine kuna chanzo ambacho familia chache zinacho. Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000, na mchakato huo ulikusanya barua na ushahidi wa maisha yake, pamoja na habari nyingi za nyumbani kwao. Kumbukumbu za shirika lake sasa zinatunzwa na Jimbo Kuu la Philadelphia. Karatasi za upande wa Anthony, aliyeanzisha chuo kinachoitwa leo Drexel University mwaka 1891, anza kuziulizia kwenye maktaba ya chuo hicho, ambako pia kuna simulizi ya safari za Francis Martin aliyoiandika mwenyewe.

Hatua ya 8: Watu wa kaya wasiobeba jina la ukoo

Kaya ni kubwa kuliko ukoo. Kwenye ukurasa wa sensa, chini ya watoto, kuna mistari ya watumishi: jina, umri, mahali alipozaliwa. Nyumba ya Francis Anthony ilikuwa na Johanna Ryan, mlezi mwenye asili ya Ireland aliyeishi nao miaka mingi, na mwalimu wa nyumbani, Mary Ann Cassidy. Bila wanawake hao huelewi watoto wale walilelewaje. Nakili mistari hiyo kama unavyonakili ya wenye nyumba.

Kuwafuatilia watumishi kunahitaji benki za aina nyingine, zile za akiba ndogondogo. Kwa Wairishi wa New York kuna daftari za Emigrant Savings Bank, zilizoko New York Public Library, ambazo humtaja mweka akiba, kijiji alikotoka, meli aliyokuja nayo, na wazazi wake.

Kwa Wamarekani weusi kuna Freedman's Savings Bank, iliyoanzishwa 1865 na kufungwa Juni 1874. Rejista zake zina watu wapatao 480,000. Mteja aliulizwa alizaliwa wapi, alilelewa wapi, nani alikuwa bwana wake wakati wa utumwa, wazazi na ndugu zake ni nani na wako wapi. Kwa familia nyingi hiyo ndiyo karatasi ya kwanza iliyoandika majina ya kaka na dada waliouzwa mbali. Tawi la Philadelphia limo. Na historia ya benki hiyo inarudi kwa familia za wenye benki wakubwa: Henry Cooke, mdogo wake Jay Cooke, aliongoza kamati yake ya fedha, na akiba za watu waliotoka utumwani zikakopeshwa ovyo. Frederick Douglass, mpinga utumwa maarufu aliyezaliwa mtumwa, aliitwa kuwa rais wa benki hiyo Machi 1874, ikiwa imekwisha kuoza.

Ukitafiti familia ya benki ya kusini, jiandae kwa jambo zito zaidi. Sensa za 1850 na 1860 zina karatasi za pembeni zinazowaorodhesha watumwa kwa umri na jinsia chini ya jina la mmiliki, bila majina yao. Benki zilishiriki moja kwa moja. Mwaka 2005 JPMorgan Chase ilieleza kwamba benki mbili za Louisiana zilizokuja kuwa sehemu yake, Citizens Bank na Canal Bank, kati ya 1831 na 1865 zilipokea watumwa wapatao 13,000 kama dhamana ya mikopo, na wapatao 1,250 wakawa mali ya benki hizo wakopaji waliposhindwa kulipa. Mikataba ya rehani ya aina hiyo hutaja majina na umri. Ukiipata, nakili majina yote, hata kama ulikuwa unamtafuta mkopaji, kwa sababu kuna mtu anayatafuta majina hayo.

Hatua ya 9: Fuata ukoo ulikovuka bahari

Kurudi nyuma, rejista za parokia za Vorarlberg zimepigwa picha. Utakutana na Kilatini na mwandiko wa zamani wa Kijerumani, kwa hiyo jifunze kwanza namna herufi za jina moja zinavyoandikwa, kisha litafute hilo tu.

Kwenda mbele, tazama maombi ya pasipoti kabla ya 1925, ambayo hueleza kimo, macho, pua na kidevu cha mwombaji, na taarifa za kibalozi za Wamarekani waliofia ng'ambo. Anthony alifia Karlsbad, kwa hiyo huko ndiko pa kuanzia.

Na hakuna ajuaye uzi utakufikisha wapi. Margaretta Drexel, mjukuu wa Anthony, aliolewa mwaka 1910 na Guy Finch-Hatton wa Uingereza, aliyekuja kuwa Earl wa Winchilsea. Mdogo wake Guy ni Denys Finch Hatton, mwindaji aliyekufa kwa ajali ya ndege Voi mwezi Mei 1931 na kuzikwa vilima vya Ngong. Mnara ulio juu ya kaburi hilo uliwekwa na Guy. Mkenya anayepanda Ngong anasimama mbele ya jiwe lililowekwa na mkwe wa akina Drexel.

Hatua ya 10: Kufanya kazi hii ukiwa Dar, Nairobi au Bujumbura

Fungua akaunti ya FamilySearch, haina malipo. Baadhi ya picha hufunguka tu ndani ya vituo vyao, na tovuti yenyewe huonyesha kilicho karibu nawe. Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, ina orodha za anwani za Philadelphia kama vitabu vizima. Pakua usiku bando likiwa nafuu, usome bila intaneti. Ancestry ni ya kulipia, kwa hiyo kusanya maswali yako yote kwanza, ndipo ulipie mwezi mmoja.

Ukiandikia maktaba au ofisi ya kumbukumbu ya Marekani, barua iwe fupi. Taja mtu mmoja, miaka yake, waraka mmoja unaoutaka na namba yake kama unayo, kisha uliza gharama ya nakala. Barua inayosema naomba kila kitu kuhusu akina Drexel itajibiwa kwa kiungo cha tovuti. Barua inayosema naomba nakala ya orodha ya mali katika faili la mirathi la Francis A. Drexel, 1885, itampeleka mhifadhi moja kwa moja kwenye sanduku.